Kitanda Chenye Msemaji

Jambo la kwanza mama aliloniagiza baada ya kuzinduka kutoka kwenye oparesheni halikuwa maji wala uji. Alinivuta kola ya shati, nikainama, akaninong'oneza nisimwambie mtu yeyote pale wodini kwamba yeye ni muuguzi.

Nilidhani ni dawa ya usingizi inayozungumza. Mama yangu alikuwa muuguzi tangu kabla sijazaliwa mpaka alipostaafu, kwenye zahanati ya kanisa huko juu kwetu, kwenye mteremko wa Mlima Meru wenye kahawa na migomba. Wanawake wengine kule huitwa kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Yeye huitwa Sista. Sokoni ni Sista, kanisani ni Sista, hata mchungaji humwita Sista, na kwa sauti ya chini kidogo, kwa sababu aliwahi kugombezwa naye hadharani kwa kuacha dawa za presha. Miaka yote hiyo uuguzi ulikuwa jina lake. Sasa anataka nimfichie jina?

Nikamuuliza kwa nini. Mimi huuliza kwa nini, na tabia hiyo ndiyo iliyonipeleka kusoma sosholojia badala ya kitu chenye ajira. Mama akafumba macho.

"Wewe fanya ninavyokuambia," akasema. "Hapa mimi ni mama aliyevunjika, basi." Nikaahidi.

Alikuwa amevunjika paja. Aliteleza kwenye kijia kinachoshuka kati ya migomba, mvua ikinyesha, akiwa amejitwisha majani ya ng'ombe. Jirani mwenye pikapu akamshusha mpaka hospitali moja ya Arusha mjini. Siitaji kwa jina, kwa sababu siamini kwamba haya ninayoyaandika ni ya hospitali ile peke yake. Madaktari walimwekea chuma, na waliifanya kazi yao vizuri. Nalisema hilo mapema nisije nikaonekana nimekuja kulaumu tu.

Kitanda chake kilikuwa cha dirishani. Asubuhi, kabla mawingu hayajafunga, mlima ulionekana wote, na mama aliutazama kama mtu anayejaribu kuona kutoka mbali kama ng'ombe wamepewa maji. Kitanda cha jirani alilala bibi mmoja Mwarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima, mfugaji, mwembamba, masikio yametogwa na kuning'inia. Alikuwa amevunjika mguu chini ya goti, na amefungwa plasta nyeupe ngumu iliyoishia kwenye vidole. Lugha yake ilikuwa Kimaa. Kiswahili alikuwa nacho cha kubahatisha, na katika hicho kidogo, neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa shikamoo. Alimpa kila mtu. Aliwaamkia wanafunzi wa uuguzi ambao wangeweza kuwa wajukuu wa watoto wake. Aliwahi kumwambia msichana wa usafi, "Shikamoo, daktari," na msichana akaacha ufagio akakimbilia nje kucheka.

Sidhani kama bibi hakujua maana yake. Nadhani alikuwa ameelewa wodi kuliko sisi. Aliona nani amesimama na nani amelala, akapanga salamu zake kwa mujibu wa hilo.

Msimamizi wa wodi, ambaye kila mtu alimwita sista inchaji, alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye viatu vya raba visivyotoa sauti. Unashtukia tu yuko nyuma yako. Bibi alipomwamkia, yeye aliitikia, "Marahaba, bibi, umeamkaje?" na wodi nzima ikacheka, hata bibi mwenyewe. Mimi sikucheka. Nilisimama pale na thamosi ya mtori wa ndizi mkononi nikijiuliza ni nani aliyetunga utani ule, na kwa nini anayechekwa ni yule yule kila siku.

Kosa langu nililifanya mapema sana. Sista inchaji alikuja na sindano, nikamuuliza ni dawa gani.

"Wewe ni daktari?" akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye mshipa wa mama.

"Hapana. Ni mtoto wake."

"Basi kaa kama mtoto."

Wagonjwa wakaguna kwa raha, maana wodini hakuna televisheni. Sindano iliingia mara moja tu, bila kutafutatafuta. Hilo nalo lazima niliseme. Mikono ya yule mama ilikuwa mizuri, na dakika aliyonidhalilisha ndiyo dakika aliyomdunga mama yangu bila maumivu. Tangu siku hiyo nikawa "msomi". Msomi sogea. Msomi, muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Msomi, hicho ni kiti cha wauguzi.

Kesho yake nilichelewa kutoka, nikakuta wauguzi wanabadilishana zamu. Wanaotoka na wanaoingia walipita pamoja kitanda kwa kitanda, anayetoka akisema ripoti, anayeingia amesimama wima akisikiliza. Walipofika kwetu nikasikia, "Kitanda cha dirishani, paja la kulia, anaendelea vizuri, ana msemaji." Wakapita.

Nilivimba kichwa kidogo. Msemaji. Nikamwambia mama kwamba angalau wametambua ana mtu wa kumtetea. Mama alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudi kutoka shuleni na kiatu kimoja.

"Mwanangu, hiyo si sifa," akasema. "Wanapeana tahadhari. Maana yake kitanda hiki kina mtu wa maneno. Usikikaribie bila sababu, usiongee sana, na kila unachofanya kiandike, usije ukashtakiwa."

"Kwa hiyo wananichukia?"

"Hawakuchukii. Wanajikinga."

"Na wewe ulijuaje?"

Aliniomba nimpandishie mto.

Kuanzia hapo niliona, au niliamini naona, vitu vinachelewa. Chombo cha haja kilichelewa mpaka mama akaanza kutokwa jasho. Shuka la bibi lilibadilishwa asubuhi, la kwetu likabadilishwa mchana. Dripu iliisha na mpira ukakaa na hewa kwa muda ulionifanya nitembee huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Lakini siwezi kuthibitisha chochote. Wauguzi walikuwa wachache na wodi ilikuwa imejaa. Nilipojaribu kupanga ushahidi kichwani, kama nilivyofundishwa chuo, kila kitu kilikuwa na maelezo mawili, na maelezo ya pili siku zote yalikuwa uchovu. Ubaya wa kuwa chini ya mtu ni huo. Hujui kama amekuadhibu au amechoka, na kumuuliza ni kujiongezea adhabu.

Nisijifanye mgeni wa mambo haya. Kazi yangu ya kibarua, katika ofisi fulani mtaa wa Njiro, ni kutunga maswali ya utafiti ambayo watu wengine wanakwenda kuwauliza wananchi vijijini. Umelala na njaa mara ngapi? Mume wako amewahi kukupiga? Wananchi hujibu. Sijawahi kusikia hata mmoja aliyemuuliza muulizaji kama yeye amepigwa. Nililifikiria hilo nikiwa nimesimama kando ya kitanda, kwa sababu kiti ni cha wauguzi.

Kisha mguu ukaanza.

Ilikuwa asubuhi, mama hakugusa mtori. Akaniambia nifunike mkono wangu kwa shuka, niupeleke chini ya goti lake la kulia, upande wa nyuma, niweke kiganja bila kubonyeza. Palikuwa pa moto. Nyama ya pale ilikuwa imekaza kama parachichi bichi. Nikapeleka mkono mguu wa pili, nikakuta ni laini na wa kawaida.

"Umeona," akasema.

Akanieleza kwa sauti ndogo sana. Mtu akilala muda mrefu baada ya kuvunjika mfupa, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Ikikaa pale ni maumivu tu. Ikichomoka, inasafiri mpaka kwenye mapafu. Aliwahi kuwa na mzazi mmoja pale zahanati, binti mzuri, mtoto wake mzima, siku ya kwenda nyumbani. Binti aliketi kitandani akaomba chai. Mama akaenda kuichukua jikoni. Aliporudi nayo, hakukuwa na wa kuinywa.

"Kwa hiyo usiuguse tena," akasema. "Asiuguse mtu."

Nikasema basi tuwaambie sasa hivi. Akasema atamwambia daktari kwenye raundi. Nikamuuliza kwa nini si sista inchaji, ambaye yuko hapo hatua chache anapanga dawa.

"Nikimtajia sista ugonjwa, ataniuliza nimeutoa wapi."

"Si umwambie umeutoa wapi."

"Nikamwambia mimi ni nesi? Aanze kuona nimelala hapa namkagua kazi yake?" Akageuza uso dirishani. "Mgonjwa anayejua hapendwi. Mimi nakwambia. Hapendwi."

Raundi ilipofika, ndugu wote tulitolewa nje. Nilibaki kwenye korido, uso kwenye kioo cha mlango. Daktari aliingia na kundi la wanafunzi, wakasimama kuzunguka kitanda cha mama, akazungumza nao Kiingereza, akaonyesha picha ya mfupa juu kwenye mwanga, wanafunzi wakaandika. Mwishoni aliinamisha kichwa akamwambia mama kitu kifupi. Mama akatabasamu, akasema kitu kifupi zaidi. Shuka halikufunuliwa. Wakahamia kwa bibi, bibi akasema shikamoo, wakaendelea.

Niliingia wa kwanza.

"Umemwambia?"

"Aliniuliza, mama safi?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema safi."

Sijui niandikeje hasira niliyoipata. Huyu ndiye mwanamke aliyemfokea mchungaji. Huyu ndiye aliyemfukuza diwani kwenye chumba cha sindano kwa kuingia na viatu vyenye matope. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo bibi wa kitanda cha pili aligeuka kuisikiliza, kama anataka kufa kwa adabu.

Alilivuta shuka mpaka kifuani. Kisha akasema, pole pole, kama anayelitafuta jibu kwa mara ya kwanza, "Wewe hujawahi kulala hapa. Wamekuzunguka wote wamesimama, wewe uko chini na shuka la hospitali. Unaitafuta sauti, haiji. Si kwamba nimekataa kusema. Imekataa kuja."

Nikaenda mwenyewe. Nilimwamkia sista inchaji kwa heshima zote, mikono mbele, nikamwambia mguu wa mama umevimba. Sikutaja damu wala mshipa, kwa sababu ningeulizwa nimevitoa wapi, nami nilikuwa nimeahidi, na kwa sababu niliona kwenye uso wake kwamba msomi akitaja mshipa atafukuzwa. Alikuja. Alisimama miguuni pa kitanda, akautazama mguu bila kufunua shuka.

"Uvimbe wa oparesheni huo," akasema, na hakusema vibaya. "Mama amelala sana, damu haitembei. Mkande. Maji ya moto na taulo, toka chini kwenda juu. Usimwonee huruma."

Kwetu kila kitu hukandwa. Mzazi hukandwa, aliyeteguka hukandwa, mzee akisema magoti yanauma maji yanawekwa jikoni kabla hajamaliza sentensi. Binti asiyemkanda mama yake ni binti wa aina gani? Nilikuwa nimepewa amri ya kufanya, kwa upendo, kitu kile kimoja kilichoweza kumuua. Nikamtazama mama nikisubiri akatae.

"Asante, sista," mama akasema. "Atanikanda."

Basi tukaanza kuigiza. Nilileta beseni na maji ya thamosi, nikalowanisha taulo, nikapitisha mikono chini ya shuka na kukanda godoro. Nilikanda godoro kwa bidii. Mama aliguna hapa na pale ili ionekane, na mara moja tulitazamana, akauma mdomo asicheke, nami nikaona kwamba anaogopa. Sista inchaji alipita na toroli la dawa. "Kaza mkono, msomi," akasema. Nikakaza mkono kwenye godoro.

Mchana ule mama aliacha kuzungumza. Alikuwa anahesabu pumzi zake. Alidhani sijui, lakini niliona vidole vyake vikigonga shuka kila kifua kilipopanda. Nikajiwekea uamuzi: daktari akionekana popote nitamkamata koti, na ahadi nitaivunja. Nilitoka kumtafuta, nikaambiwa yuko chumba cha oparesheni. Nikarudi.

Sista inchaji alikuwa kitandani kwetu. Alikuwa amekunja mikono ya sare yake mpaka juu ya kiwiko, beseni liko kwenye kiti cha wauguzi, mvuke unatoka. Ulikuwa muda wake wa chai. Kikombe chake nilikiona juu ya meza kule mwisho, kimefunikwa kisosi.

"Huyu wako hajui kukanda," alikuwa anamwambia mama. "Mikono ya vitabu hii. Ngoja nikufanyie mimi, utaona leo utakavyolala."

Nataka hili lieleweke, kwa sababu mimi mwenyewe lilinichukua muda. Hakuwa amekuja kuonyesha ukubwa. Alikuwa amemwona mama mtu mzima anateseka na mtoto asiyejua kazi, akaacha chai yake. Akafunua shuka. Akakamua taulo. Nikafungua mdomo, nikajua kwamba chochote nitakachosema kitasikika kama maneno ya msemaji, na mikono ile mizuri ilikuwa tayari inashuka.

Mama akamshika kifundo cha mkono.

"Sista," akasema. "Pokea ripoti."

Sikuitambua sauti. Yaani niliitambua, lakini kutoka mbali sana, kutoka utotoni, nilipokuwa nikimsubiri mlangoni pa zahanati jioni huku akimkabidhi mwenzake zamu. Ilikuwa sauti tambarare isiyo na mtu ndani yake. Alikuwa akitazama dari.

"Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mwanamke, mtu mzima, amefanyiwa oparesheni ya paja la kulia. Tangu asubuhi analalamika maumivu nyuma ya mguu wa kulia, chini ya goti. Mguu umevimba kuliko wa kushoto. Una joto, umekaza. Akikunja wayo kwenda juu, maumivu yanazidi. Kuanzia mchana anapumua haraka kidogo. Mgonjwa hajakandwa. Asikandwe. Daktari aitwe amwangalie damu kuganda mguuni."

Alisema analalamika. Kusema nalalamika kulimshinda. Alijikabidhi kana kwamba mgonjwa ni mwanamke mwingine, yuko pale chini, na yeye Sista amesimama kando yake kwa miguu miwili mizima.

Kilichotokea kwa sista inchaji sitakisahau. Kabla uso wake haujaelewa, mwili wake ulikuwa umekwisha kuelewa. Alinyooka. Taulo likarudi kwenye beseni. Mikono ikaenda nyuma ya mgongo, kama wanavyosimama wakipokea zamu, na akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kipande cha bandeji, akakizungusha mguu wa kulia bila kukaza, akakishika kwa kidole pale kilipofika, akakihamishia mguu wa kushoto. Ncha zilipishana kwa upana wa vidole viwili. Akaziangalia. Akaondoka, na kwa mara ya kwanza nilivisikia viatu vyake.

Daktari alikuja akiwa bado na kofia ya chumba cha oparesheni. Mama akasukumwa kwenda kupimwa, akarudishwa. Damu ilikuwa imeganda, kipande kirefu, kwenye mshipa mkubwa. Akaanzishiwa sindano za tumboni za kuzuia isizidi, asubuhi na jioni, kwa saa zile zile bila kukosa. Daktari alituambia kwa Kiswahili, akiwa ameinama, kwamba ingekuwa vibaya sana kama mguu ungekandwa. Sista inchaji alikuwa amesimama nyuma yake. Beseni lilikuwa bado kwenye kiti, maji yamepoa.

Alirudi baadaye peke yake. Alisimama upande wa kichwa safari hii.

"Kwa nini hukusema wewe ni mwenzetu?" akamuuliza mama. Sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, kama mtu aliyefichwa msiba.

Mama akamwambia asamehe, ni uzee. Wakaulizana walisoma wapi, nani aliwafundisha, wakakuta mwalimu mmoja wa mama ndiye aliyemfundisha pia yeye, akiwa mkali na mzee zaidi. Wakacheka. Kesho yake asubuhi sista inchaji aliingia moja kwa moja mpaka dirishani, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia.

Kila kitu kikaanza kufika. Chombo cha haja kilifika kabla ya kuombwa. Mimi nikaletewa kiti. Ile ile wodi, shuka lile lile, mguu ule ule, kilichobadilika ni neno moja tu. Nilipaswa kufurahi na nilifurahi, lakini nilikaa kwenye kiti kile kama nimekikalia kitu cha moto. Nikamuuliza mama, je, kama usingekuwa mwenzao?

Alinijibu kwa ukali niliokuwa nimeukosa. Aliniuliza kama najua maana ya kuwa na wodi nzima peke yako na mwanafunzi mmoja. Kama najua kwamba ukimsikiliza kila anayeita hutafika kwa asiyeweza kuita. Kwamba lazima ufunge masikio kidogo, la sivyo hutamaliza hata wiki.

"Angekukanda," nikasema.

"Angenikanda kwa moyo mzuri."

"Ndicho ninachokisema, mama."

Sikujua kama nimeshinda. Alikuwa haniangalii mimi, alikuwa anaangalia kitanda cha pili. Aliangalia kwa muda mrefu. Mkwe wa bibi alikuwa amekuja na loshoro ya mahindi na maziwa mgando kwenye kopo, anajaribu kumlisha, na bibi anageuza uso.

"Nenda ukamshike vidole vya mguu," mama akaniambia. "Vile vinavyotoka kwenye plasta. Njoo uniambie ni vya moto au vya baridi."

Nilikwenda. Nikamwomba mkwe ruhusa, naye akamtafsiria bibi, na bibi akaniambia shikamoo. Vidole vilikuwa vimejaa, vimeng'aa, kucha zake nyeusi kuliko za mguu wa pili. Vilikuwa vya baridi kama vya mtu aliyetoka kuvuka mto alfajiri. Mkwe akasema bibi halali, analia kwa Kimaa, na nesi akimuuliza kama anaendelea vizuri anajibu ndiyo, kwa sababu hilo ndilo jibu analolijua.

Nilirudi nikamwambia mama: baridi. Nikaona anafikiri. Nilijua anafikiri nini kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hilo hilo. Zilikuwa zimebaki sindano nyingi, na zote zingetoka kwenye mkono mmoja, wa sista inchaji. Shikamoo ile ya asubuhi ilikuwa na mipaka. Mwenzetu anaruhusiwa kujisemea. Mwenzetu akianza kuwasemea wengine, akaanza kuona plasta zilizobana kutoka kitandani kwake, huyo si mwenzetu tena. Huyo ni mkaguzi aliyelala.

Sista inchaji alipopita, mama alimwita. Akasafisha koo.

"Kitanda cha pili," akasema, kwa sauti ile ile tambarare, na safari hii hakutazama dari. "Mgonjwa ana plasta mguuni. Vidole vimevimba, vina baridi, kucha zimebadilika rangi. Halali kwa maumivu. Plasta inambana."

Uso wa sista inchaji ulifunga kama mlango wa stoo. Alimtazama mama, akanitazama mimi kwenye kiti changu, akamtazama bibi, ambaye alimwahi kwa shikamoo. Hakuitikia marahaba. Aliinama akashika vidole. Akabonyeza ukucha mmoja, akaisubiri rangi yake, ikakawia kurudi. Plasta ilipasuliwa siku hiyo hiyo, na bibi alilala usingizi ambao mkoromo wake ulitufurahisha wote.

Na sindano ya jioni ya mama haikuja kwa saa yake.

Kiza kilikuwa bado hakijaingia, mlima ulikuwa umebaki kivuli tu dirishani. Wauguzi walikuwa wachache, kulikuwa na mgonjwa mpya mlangoni anavuja damu, na plasta ya bibi yenyewe ilikuwa imekula muda wa watu. Maelezo yalikuwa mawili, kama kawaida. Sista inchaji alipita mara moja na toroli, akasema, "Mama, habari ya jioni," si Sista, wala si shikamoo, akaendelea. Mama aliangalia saa ya ukutani. Vidole vyake vikaanza tena kugonga shuka.

Nilibaki nimekaa. Mimi ninayeuliza kila kitu, niligundua kwamba sitaki kusimama. Nilikuwa nakipenda kile kiti.

"Haya, msemaji," mama akasema. "Nenda kaulize."